KUCHAGUA KANUNI ZA MICHEZO YA KUIGIZA MEZANI: UBORA NA UPUNGUFU WAKE DARASANI

Utangulizi

Kila mwalimu hukubali kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza. Hata hivyo, si michezo yote inayofunza jambo moja, na mchezo mmoja ukibadilishiwa kanuni huweza kufunza jambo jingine kabisa. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza michezo ya kuigiza wahusika mezani, ili mwanachuo anayejiandaa kwa mazoezi ya kufundisha aweze kupima mwenyewe kanuni ipi inafaa kwa shabaha ipi.

Mchezo wenyewe huwa hivi. Watu wachache huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni msimamizi. Yeye husimulia mahali, hatari na watu wanaokutwa njiani. Kila mmoja wa waliosalia ana mhusika wake, naye hueleza mhusika huyo anasema nini na anatenda nini. Jambo lisilo na hakika huamuliwa kwa kanuni, aghalabu kwa kutupa dadu. Hakuna jukwaa wala maneno ya kukariri. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa ulikuwa Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka 1974. Asili yake ni michezo ya vita iliyochezwa kwa vinyago vidogo vya askari. Tangu wakati huo kanuni nyingi zimetungwa, kila moja ikijaribu kuziba pengo lililoachwa na nyingine.

Ili ulinganisho wetu uwe wa haki, tutachukua tukio moja na kulipitisha katika kanuni nne. Wahusika wanampeleka mgonjwa zahanati. Njiani wanakuta mto umefurika. Mmoja anasema, "Mimi nitavuka kwanza na kamba." Je, atafika ng'ambo?

1. Dadu moja ya pande 20

Dungeons & Dragons imeifanya dadu ya pande 20 ijulikane duniani, na tangu toleo la mwaka 2000 dadu hiyo ndiyo huamua karibu kila jaribio katika mchezo huo. Tuseme mvukaji anahitaji kupata 11 au zaidi. Kila namba ina nafasi sawa, yaani asilimia 5. Basi asiye na nyongeza yoyote hufaulu kwa asilimia 50.

Ubora wa kanuni hii ni wepesi wake. Mtoto anayeweza kujumlisha huielewa mara moja, na kila nyongeza ya moja humwongezea asilimia 5. Tena katika mchezo huu kila mhusika ana kazi yake. Katika vitabu vya 1974 zilikuwapo kazi tatu, ya mpiganaji, ya mchawi na ya kasisi, na mchezaji mgeni hujua upesi wajibu wake katika kundi.

Upungufu wake ni kwamba bahati huufunika ujuzi. Mwogeleaji hodari mwenye nyongeza ya 3 hufaulu kwa asilimia 65. Dhaifu aliyepunguziwa 1 hufaulu kwa asilimia 45. Tofauti yao ni ndogo kuliko ile tunayoiona mtoni. Aidha, kanuni za mwanzo zilimkuza mhusika hasa kwa hazina aliyoipata na majoka aliyoyashinda. Watoto huenda kule malipo yaliko. Kanuni inayolipa mapigano italeta mapigano, hata mwalimu akisisitiza ushirikiano namna gani.

Nasi tuliwahi kukosea hapa. Siku ya kwanza tulipoujaribu mchezo huu na watoto wa darasa la tano, tuliichukua kanuni hii pasipo kuitafakari. Mtoto mmoja, ambaye alikuwa haongei darasani ila kwa nadra, alijipa moyo akasema kwamba mhusika wake atavuka kwanza. Akapata namba 2. Tukatangaza kwamba mhusika wake amezama. Mtoto yule akanyamaza hadi kengele ilipolia, na juma lililofuata hakunyosha mkono hata mara moja. Dadu haikuwa na hatia. Kosa lilikuwa letu sisi, tuliofanya kifo kuwa malipo ya kuthubutu.

2. Asilimia

Mwaka 1978 kampuni ya Chaosium ilitoa RuneQuest, na mwaka 1981 Call of Cthulhu. Katika michezo hii kila ujuzi huandikwa kwa asilimia. Mwenye kuogelea 45 hutupa dadu mbili za pande kumi, moja ikiwa ya makumi na nyingine ya mamoja. Akipata 45 au chini yake amevuka.

Ubora wake ni uwazi. Mchezaji huyaona matumaini yake yameandikwa mbele yake kabla ya kujaribu. Zaidi ya hayo, mhusika hukua kwa kutumia ujuzi wake. Aliyefaulu kuogelea huweza kujaribiwa baadaye kama ujuzi huo umeongezeka. Mwenye ujuzi mdogo ana nafasi kubwa ya kupanda, na aliyekwisha kubobea hupanda kwa shida. Mwalimu atautambua ukweli huo katika kujifunza kusoma na kuhesabu.

Upungufu wake ni kwamba huwafaa tu wanafunzi waliokwisha fundishwa asilimia. Kwa wadogo, 45 ni namba tupu. Pia orodha ya ujuzi huwa ndefu, na mtoto huangalia karatasi badala ya kuwasikiliza wenzake.

3. Ununuzi wa pointi na dadu tatu

GURPS, iliyotolewa mwaka 1986 na Steve Jackson wa Marekani, ilikusudiwa kufaa kwa hadithi ya aina yoyote. Katika matoleo yake ya awali mhusika wa kawaida alijengwa kwa pointi 100, ambazo mchezaji alizigawa mwenyewe kati ya nguvu, akili na ujuzi. Mtoni, mvukaji hutupa dadu tatu za kawaida na kutafuta jumla isiyozidi kiwango chake. Dadu tatu zina matokeo 216. Mwenye kiwango cha 10 hufaulu katika matokeo 108, yaani nusu. Mwenye 14 hufaulu katika 196, yaani zaidi kidogo ya tisa katika kumi.

Hapa ujuzi huheshimiwa, na mwogeleaji hodari huvuka kweli. Kugawa pointi nako ni zoezi zuri la kupanga matumizi, kwa kuwa wote huanza na mtaji mmoja.

Lakini kazi ya kumjenga mhusika ni ndefu. Kipindi cha dakika 40 huweza kwisha kabla hadithi haijaanza. Kuna jambo jingine linalotaka uangalifu. Kanuni hii humrudishia mchezaji pointi akikubali kasoro, kama vile hofu au upungufu wa macho. Asitokee mtoto mwenye ulemavu akaona hali yake imewekewa bei darasani. Mwalimu akitumia kanuni hii, sehemu hiyo na aiondoe.

4. Dadu mbili na matokeo matatu

Mwaka 2010 D. Vincent Baker alitoa Apocalypse World. Kitabu chenyewe kiliandikwa kwa watu wazima na hakifai kupewa watoto. Njia yake ya kuamua ndiyo tunayoiazima. Mchezaji hutupa dadu mbili za kawaida. Akipata 10 au zaidi, amefaulu. Akipata 7 hadi 9, amefaulu lakini kwa gharama: amevuka, ila kamba imechukuliwa na maji. Akipata 6 au chini yake, msimamizi huleta tatizo jipya.

Katika matokeo 36 ya dadu mbili, 6 ni ya kufaulu kabisa, 15 ni ya kufaulu kwa gharama, na 15 ni ya tatizo. Hivyo hata asiye na nyongeza hupata angalau sehemu ya alichokitaka mara 21 katika 36. Tena tatizo halimaanishi kwamba hadithi imekoma. Laiti tungaliitumia njia hii siku ile, mtoto wetu angalijikuta ameshikilia tawi katikati ya mto, na wenzake wakishauriana namna ya kumwokoa.

Upungufu wake humwangukia msimamizi. Hapana budi abuni gharama papo hapo, na mwalimu mgeni huishiwa. Asipokuwa mwangalifu ataonekana anapendelea, kwa maana gharama haikuandikwa popote. Dawa yake ni kuandika katika andalio la somo gharama tano au sita kabla ya kuingia darasani.

Zana na mpangilio wa darasa

Ukosefu wa dadu za pande nyingi usimzuie mwalimu. Vipande vya karatasi vilivyoandikwa 1 hadi 20, vikitiwa koponi, hufanya kazi ile ile. Kwa asilimia, tumia makopo mawili yenye 0 hadi 9. Sufuri mbili zihesabiwe kuwa 100. Sharti kila kipande kirudishwe koponi kabla ya kuokota tena, la sivyo uwezekano utabadilika.

Darasa la watoto 45 ni makundi tisa ya watano watano. Mwalimu hawezi kusimamia yote. Basi wafundishe kwanza wasimamizi tisa kwa siku nyingine, na uchague kanuni ambayo mtoto anaweza kuieleza kwa maneno yake. Kwa shabaha ya lugha na ushirikiano tunapendelea dadu mbili. Kwa somo la hesabu katika madarasa ya juu, asilimia. Kanuni yoyote utakayoshika, mchezaji aeleze kwanza mhusika wake anafanyaje, ndipo atupe dadu. Pasipo sharti hilo kipindi chote kitakuwa cha kutupa dadu, na wasiosema wataendelea kutosema.

Mazoezi kwa mwanachuo

1. Andika matokeo yote 36 ya dadu mbili katika jedwali. Ni jumla ipi hutokea mara nyingi zaidi, na kwa nini?

2. Tunga gharama sita zinazoweza kumpata mvukaji aliyepata 8. Isiwepo hata moja inayomwondoa mchezoni.

3. Chagua kanuni moja kati ya hizi nne. Eleza inalipa tabia gani, kisha ibadilishe ili ilipe kumsaidia mwenzio.

4. Mkumbuke mtoto mmoja mkimya uliyepata kumfundisha. Ni kanuni ipi ingemfanya aseme tena baada ya kushindwa mara ya kwanza? Toa sababu.