Silikanti: Samaki Aliyedhaniwa Ametoweka

Mwaka 1938, huko Afrika ya Kusini, wavuvi walimnasa samaki ambaye wataalamu walimjua kwa visukuku tu, yaani masalia yaliyogeuka mawe, wakiamini ametoweka kwa muda wa miaka milioni 66 hivi. Ndiye silikanti, *Latimeria chalumnae*. Makumi yao wamenaswa pwani ya Tanga katika majarife ya papa yanayotegwa kwenye kina kirefu.

Hutambulikaje? Mapezi yake manene yana mifupa na misuli ndani, mithili ya miguu. Hatagi mayai, bali huzaa.

Utafiti wa 2021 ulikadiria kuwa hukomaa akiwa na miaka 55 hivi, na mimba huchukua miaka 5. Basi jike mmoja akifa wavuni, pengo lake halizibiki upesi. Ndiyo sababu mwaka 2009 ilianzishwa hifadhi ya bahari huko Tanga kwa ajili yake.