Mwanza kwa Miguu ya Mtoto wa Miaka Miwili

Nimekwenda Mwanza mara nyingi mno, na karibu kila mara nilikwenda kufunga mzigo. Ninauza vitenge na nguo za watoto hapa Katoro, kwa hiyo jiji lile nililijua kibiashara tu: kushuka Nyegezi, kupanda daladala hadi mjini, kuzunguka Makoroboi na mitaa ya jirani, kisha kuwahi stendi kabla giza halijaingia. Ziwa nililiona dirishani. Agosti 2025 nilikwenda bila kununua hata kitenge kimoja. Nilikaa siku tatu na binti yangu, aliyekuwa na miaka miwili na miezi mitatu. Ninaandika haya kwa mzazi wa huku kwetu anayetamani kumwonyesha mtoto meli na maji mengi lakini anaogopa usumbufu. Usumbufu upo, ila unapungua sana ukijipanga.

Kwanza, beba mbeleko na uache kigari cha mtoto nyumbani. Mwanza ni mji wa mawe na vilima; ukitoka barabara kubwa unakutana na ngazi, mitaro na njia za kupenya kati ya nyumba. Mgongoni mtoto anaona mbali, na akichoka analala hapohapo. Mimi nilibeba pia chandarua chetu, uji kwenye chupa ya chai, kikombe chake chenye mfuniko, ndizi mbivu, pampasi za siku tatu na kanga mbili za ziada. Chandarua usikiache hata ukiambiwa gesti wanavyo, kwa sababu cha gesti mara nyingi kina matundu, na malaria ya kanda yetu hii tunaijua.

Tulitoka Katoro saa 12 asubuhi tukapitia Geita na Sengerema. Zamani, safari ya Mwanza ilikuwa na zawadi kwa mtoto: mnafika Busisi, mnashuka, mnavuka kwa kivuko hadi Kigongo. Kwa mzazi ilikuwa foleni na jua, wakati mwingine kwa saa nyingi. Tangu tarehe 19 Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli lilipozinduliwa, kilomita 3 za maji zinavukwa kwa dakika chache tu. Ninalipenda daraja hili kwa moyo wote, hasa ninapowafikiria wagonjwa wanaokimbizwa Hospitali ya Bugando ambao hawasubiri tena kivuko. Lakini binti yangu alilala Sengerema akaamka Usagara. Ziwa lote lilimpita.

Ndiyo maana ninasema: ukifika Mwanza, kivuko kitafute makusudi. Kipo katikati ya jiji, ni feri ya Kamanga, inayovusha watu na magari hadi upande wa Sengerema. Siku ya kwanza, baada ya kuoga na kula, tulikwenda pale na hatukufanya kitu kingine chochote hadi jioni. Nilikuwa nimepanga tupite pia barabara ya Kenyatta, tuone Jiwe la Bismarck, turudi sokoni. Mtoto alichuchumaa kwenye kivuli, pembeni kabisa ya njia ya magari, akagoma kuondoka. Kivuko kilipofika, ule mlango mkubwa wa chuma ulishuka ukakwaruza zege, naye akaziba masikio kwa viganja, kama anavyofanya tukipita kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu huku kwetu. Kisha akaona watu wakitoka ndani: mwanamke na beseni la samaki kichwani, kijana na baiskeli yenye kuku wamefungwa miguu, halafu lori. Akaondoa mikono masikioni. “Mama, nyumba imetoa gari!” Tulikiangalia kikija na kuondoka mara tatu kabla sisi wenyewe hatujapanda.

Kabla ya kupanda, uliza jaketi okozi la saizi ya mtoto, na uliza kabla hujalipa. Jaketi la mtu mzima litamchomoka mtoto wa miaka miwili. Mvalishe mkiwa nchi kavu, maana akianza kulia ndani ya chombo utashawishika kumvua. Bibi mmoja aliyekaa karibu nasi aliniona ninahangaika na mikanda. “Mayu, mshike mkono wewe, mimi nitafunga,” akasema. Nikamwamkia, akaifunga yote akaikaza. Hakuna aliyenicheka. Watu wa ziwa lile hawajasahau tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, na mamia wakafa.

Meli kubwa inatosha kuitazama kwa nje. MV Victoria ya kwenda Bukoba husafiri usiku kucha, na usiku mzima melini na mtoto anayeanza kukimbia sikushauri, labda muwe watu wazima wawili mnaopokezana.

Siku ya pili tulikwenda mwaloni Kirumba asubuhi. Neno lenyewe lilinifurahisha. Huku Geita ukisema mwalo, watu wanaelewa mahali pa kuoshea na kuchenjulia dhahabu. Kule ni ufukwe ambapo mitumbwi inashusha samaki. Mtoto awe mgongoni muda wote, kwani chini kunateleza na mikokoteni haina breki. Alinyoosha kidole kwenye mafungu ya dagaa akasema “mchanga”, na kweli kwa mbali yanang'aa kama mchanga. Nusu saa inatosha. Miguu yake usiichovye majini, hata maji yakiwa matulivu na watoto wengine wakiwa wanaogelea, kwa sababu kichocho kipo.

Kwa mama ntilie nilikuwa naagiza sato kwa mazoea, lakini kwa mtoto agiza sangara. Mnofu wake ni mnene na miiba yake mikubwa unaikuta kwa vidole; sato ana vimiiba vya mbavuni vinavyojificha. Hata hivyo, mnofu wote upitishe kwenye vidole vyako kabla haujaingia kwenye tonge lake.

Mchana, kuanzia saa 6 hadi saa 9, rudini mlale. Joto la mawe yale halina mfano. Chumba chetu cha kwanza kilikuwa juu ya baa, na muziki ulitikisa kitanda hadi usiku wa manane. Kesho yake tulihama. Siku hizi kabla ya kulipa ninamwuliza mhudumu kilichopo chini, juu na nyuma ya chumba.

Kisiwa cha Saanane tulikiweka siku ya mwisho, asubuhi, na boti inaondokea Capri Point. Kisiwa hiki kilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote Tanzania. Udogo huo ndio unaokifaa kwa mtoto. Wapo swala pala na tumbili, lakini mtoto wangu alichagua pimbi waliojianika kwenye jiwe, na mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu aliyekuwa akipiga pushapu. Alipiga naye, mikono chini, matako juu. Mwongoza wageni alitaka kutupeleka kileleni. Nilimwomba atuache hapo, akakubali, akakaa nasi.

Jambo la kutisha lilitokea mtaani, siku tuliyohama gesti. Nilisimama kuangalia bei ya vitenge, mazoea yangu ya miaka, na nilipogeuka mkono mdogo haukuwepo kwenye kanga yangu. Nilimwona baada ya muda mfupi tu, hatua kumi hivi, anawashangaa wale ndege wakubwa wenye upara wanaosimama juu ya mapaa kama wazee wa baraza. Magoti yangu hayakunitii. Jioni ileile nilinunua kalamu ya wino usiofutika upesi, na tangu hapo kila tukitoka ninamwandikia namba yangu ya simu mkononi, chini ya kiwiko. Fanya hivyo tangu mnapotoka nyumbani. Na siku ya mtoto, usiangalie vitenge.

Kurudi, nilimzuia asilale tangu Nyegezi, kwa ndizi na kwa nyimbo, hadi tukafika darajani. Nilimsimamisha mapajani, akabandika paji la uso kwenye kioo. Maji yalikuwa chini pande zote mbili, na mtumbwi mmoja wenye tanga ulikuwa mbali. Hakusema kitu hadi tulipofika ng'ambo ya Busisi, akaniuliza meli imeshukia wapi.

Hapa Katoro sasa, makarasha yakianza kunguruma asubuhi, anakimbilia mlangoni kuangalia gari linalotoka.