Kambi Chini ya Mawingu ya Tororo: Mwongozo kwa Wanaopiga Kambi Buteba na Kando ya Mto Malaba

Kijitabu hiki ni cha vikundi vya vijana, shule, makanisa na familia zinazokuja kupiga kambi Buteba na vijiji vya jirani, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya. Mahali hapa pana mengi ya kuona kwa gharama ndogo. Leo mnatembea kando ya Mto Malaba, kesho mnapanda Mwamba wa Tororo, kesho kutwa mnavuka kwenda kuona michoro ya kale kwenye miamba ya Kakapel, upande wa Kenya. Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Pitieni kituo cha mpakani Malaba au Busia, msifuate njia za panya hata kama mwenyeji wenu huzitumia kila siku.

Kabla ya kusimika hema, nendeni kwa mwenyekiti wa LC1 wa kijiji. Upande wa Kenya, mwoneni chifu au mzee wa kijiji. Mkitaka kulala katika Msitu wa Busitema, ruhusa hutoka kwa Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA.

Radi

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo wageni wengi wasipojua. Tororo imewahi kuingia katika vitabu vya rekodi za dunia kwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, kati ya 1967 na 1976. Sababu yake ni ziwa na mlima. Jua likipanda, upepo wenye unyevu huvuma kutoka Ziwa Viktoria kuelekea nchi kavu, na hewa ya joto huupandisha juu karibu na vilima na miteremko ya Mlima Elgon. Kufikia alasiri mawingu yameshajikusanya, meusi upande wa chini na meupe yaliyotuna upande wa juu.

Kwa hiyo ratiba ya kambi ipangwe kwa kutazama mbingu. Mwamba wa Tororo, ambao kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, upandwe alfajiri, na saa sita mchana kila mtu awe ameshashuka. Juu pale hakuna pa kujificha, na sehemu nyingine hupandwa kwa ngazi za chuma. Michezo ya uwanjani na kuogelea viwe vya asubuhi. Alasiri ni ya kupika na kupiga hadithi, karibu na nyumba imara.

Tunasema nyumba, hatusemi hema. Turubai na vyuma vyembamba vya hema haviwezi kumkinga mtu na radi. Kibanda cha nyasi pia si kinga, na kinaweza kushika moto. Hata jengo la matofali huhitaji kikinga radi. Mwezi Juni 2011, katika Shule ya Msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao wakiwa ndani ya jengo. Kiongozi wa kambi aulize mapema ni shule au kanisa gani la karibu lenye kikinga radi, na awatembeze watu wote njia ya kufika huko mchana kweupe. Gari lenye bodi ya chuma, madirisha yakiwa yamefungwa, ni kimbilio zuri pia.

Mkisikia ngurumo, hata ya mbali na hata jua likiwaka, ondokeni. Msirudi nje mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Mvua ikiwakuta porini, tokeni majini, shukeni kilimani, epukeni mti uliosimama peke yake na uzio wa waya. Msikumbatiane. Achaneni hatua kadhaa, ili radi ikipiga ardhi wabaki watu wa kusaidia wenzao.

Mto na maji ya kunywa

Mto Malaba hupokea maji ya Mlima Elgon. Unaweza kujaa ghafla hali kwenu hakujanyesha tone. Maji yakianza kugeuka rangi ya udongo na kuleta majani na vijiti, hamisheni vitu mahali palipoinuka wakati huohuo, msingoje kuona kama yatapungua.

Wilaya ya Busia, upande wa Uganda, ina wachimbaji wadogo wa dhahabu, na wengi hutumia zebaki kuikamata dhahabu. Sehemu ya zebaki hiyo huishia kwenye vijito. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi zebaki. Chukueni maji ya kisima cha pampu, kisha yachemsheni. Msitembee usiku karibu na machimbo, maana mashimo mengi huachwa wazi.

Mbu

Tororo na Busia zina malaria nyingi. Kila anayelala kwenye hema alale ndani ya chandarua chenye dawa, kiongozi akague kabla ya taa kuzimwa. Mtu akipata homa, hata wiki mbili baada ya kurudi nyumbani, apimwe siku hiyohiyo na amweleze mhudumu kwamba alilala huku.

Aliyepigwa na radi

Mguseni mara moja. Wengi huogopa, wakidhani mwili wake bado una umeme au kwamba kuna mkono wa mtu. Mwili wake hauna umeme. Asiyepumua ndiye wa kuanza naye, kwa sababu mara nyingi moyo wake umesimama tu na unaweza kurudi. Bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana bila kuacha pengo. Mwingine apige 999 au 112, namba zinazotumika pande zote mbili za mpaka, na mwingine atafute gari la kwenda Hospitali ya Tororo au ya Masafu, yoyote iliyo karibu zaidi. Aliyezinduka naye apelekwe, hata akisema yu mzima, kwani mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika baadaye.