Damu Kwenye Mswaki: Kijitabu cha Nyumbani Kuhusu Ugonjwa wa Fizi

Ukimaliza kupiga mswaki, usimwage maji ya beseni kabla ya kuyatazama. Povu likiwa na rangi ya damu, fizi zako zinaumwa, hata kama husikii maumivu. Wengi hapa Lubumbashi humwendea dokta wa meno siku jino linapowanyima usingizi. Ugonjwa wa fizi hauna tabia hiyo: unaweza kukaa kinywani miaka mingi bila kuuma, huku ukikupunguzia raha ya maisha kidogo kidogo.

Unavyoanza

Kila siku vijidudu vya kinywa hujenga utando laini kwenye meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Huo ndio ukoga, na mswaki unauondoa. Ukiachwa, madini ya mate huufanya ugande, na hapo mswaki hauuwezi tena. Washa taa ya simu mbele ya kioo, kisha utazame nyuma ya meno ya mbele ya chini, upande wa ulimi. Ganda la manjano au kahawia utakaloliona ndio ukoga huo ulioganda. Hupenda kujikusanya hapo kwa sababu mate hutokea karibu.

Ufizi uliovimba na kutoka damu bado unaweza kupona kabisa. Usipotibiwa, ugonjwa hushuka hadi kwenye mfupa unaoshikilia jino. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe. Tiba huzuia usiendelee kulika. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 1 wana ugonjwa mkali wa fizi, kwa hiyo ukiwa nao si wewe peke yako.

Unachokunyang'anya

Mwaka 1997 mtafiti Gary Slade alichapisha maswali 14 ya kupima jinsi kinywa kinavyogusa maisha ya mtu. Hayahesabu meno, yanauliza juu ya kula, kuongea, aibu, kazi. Sisi tujiulize kwa namna yetu. Hindi la kuchoma unaling'ata, au siku hizi unalipukuchua punje moja moja? Nyama unawasukumia watoto ukisema umeshiba? Ukicheka, unafunika mdomo kwa ncha ya kikwembe? Kwenye kwaya unainamisha uso ili jirani asisikie harufu? Harufu hiyo hutenga hata mume na mke, na kwa kawaida hakuna anayethubutu kuisema.

Asiyeweza kutafuna huhamia kwenye uji, chai na mkate mweupe. Nyama, karanga na matunda magumu humpotea mezani. Jamaa husema ni uzee. Umri una sehemu yake, ni kweli, lakini meno yanayolegea ni ugonjwa, na ugonjwa hutibiwa.

Tunapokosea

Kosa kubwa ni kuogopa damu na kuacha kupiga mswaki. Ukoga huongezeka na damu huzidi. Piga taratibu, kwa mswaki laini, kwenye mpaka wa jino na ufizi, dakika 2, mara 2 kwa siku, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Kila mtu awe na mswaki wake. Mchanga na makaa yaliyosagwa hukwaruza meno; viacheni.

Kosa la pili ni kununua vidonge vya antibiotiki farmasi bila kupimwa. Vidonge haviondoi ganda lililogandamana na jino. Ni lazima likwanguliwe kwa vifaa. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi hutuliza ufizi, lakini nayo hayaling'oi.

Wajawazito fizi zao huvimba upesi. Mwenye ugonjwa wa sukari aangalie zaidi: sukari ikipanda fizi huharibika, na fizi zikiumwa sukari inakuwa ngumu kushika. Mvuta sigara naye hudanganyika, kwa sababu moshi hupunguza damu inayotoka huku mfupa ukiendelea kulika.

Kwenda kwa dokta

Ukiwa katika komini za Lubumbashi kama Kenya, Katuba au Ruashi, anza kwa kuuliza kituo cha afya cha karibu wapi kuna huduma ya meno, na bei ya kukwangua ganda ni kiasi gani, ili nyumba ijipange. Jino linalocheza msiling'oe kwa uzi, baadhi huokolewa. Uso ukivimba pamoja na homa, au mtu akishindwa kumeza au kupumua vizuri, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.