Ushuru Ulivyogeuka Osuru: Maneno na Uhamaji wa Kazi Nyanza Kusini

Utangulizi

Asumbi, katika Kaunti ya Homa Bay, hufahamika kwa misheni yake ya Kikatoliki na chuo chake cha ualimu. Hata hivyo, eneo hilo pamoja na Migori lina historia nyingine, nayo ni ya vijana walioondoka kutafuta kazi za ujira. Makala haya yanashikilia kwamba kuondoka kwao kuliacha alama katika msamiati wa Dholuo, lugha ya wale waliobaki.

Chanzo cha uhamaji

Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ilitoza kodi ya nyumba, nayo ikadai ilipwe kwa fedha. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Vita vya 1914-1918 vikawachukua wengi kuwa wapagazi wa Carrier Corps, jina lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Baadaye wanaume walielekea mashamba ya chai ya Kericho, reli na bandari ya Mombasa. Huko, watu wa makabila mengi walielewana kwa Kiswahili.

Ushahidi wa maneno

Dholuo haina sauti z wala sh. Mahali pake huwa s. Kwa hiyo meza ikawa mesa, na ushuru ukawa osuru. Aidha, irabu ya mwisho hudondoshwa: sabuni ni sabun, karatasi ni kalatas, serikali ni sirkal. Pesa imebaki pesa. Haya ni maneno ya kodi, ofisi na duka. Kinyume chake, dala (boma), puodho (shamba), bel (mtama) na kuon (ugali) ni ya Dholuo yenyewe. Mgawanyo huu unaafikiana na ule wa kazi: mwanamume alikwenda kutafuta pesa, mwanamke akabaki na jembe, akibeba pia sehemu ya mwenzake.

Ni kweli kwamba sirkal na osuru huenda yaliletwa na mtoza kodi mwenyewe, wala si mhamiaji. Hata hivyo, mtoza kodi ndiye aliyemsukuma mhamiaji njiani. Historia ya mmoja haitengani na ya mwingine.

Dala haikuachwa

Aliyeondoka alitarajiwa kujenga kwao na kuzikwa kwao. Mwaka 1987 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba wakili S. M. Otieno, aliyeishi Nairobi, azikwe Nyalgunga, Siaya, ingawa mjane wake, Wambui, alitaka azikwe Ngong. Hivyo uhamaji haukuidhoofisha dala; uliifanya kuwa kipimo cha utu wa aliye mbali.

Hitimisho

Wako wanaokiona Kiswahili kuwa mgeni Nyanza. Mgeni aliyekaa zaidi ya karne moja, akalipa kodi na kuketi mezani, ni mwenyeji. Wanachama watokao huko wawahoji wazee: neno hili lililetwa na nani, kutoka wapi, na lilichukua nafasi ya lipi? Majibu hayo yakusanywe wangali hai.