Uzee mwema huanzia kwenye seli: vidokezo 6 kwa wakazi wa Mbeya na Iringa

Karibu kila ukoo una bibi aliyekula chumvi nyingi na bado anapalilia bustani yake. Ukiuliza siri, utaambiwa: "Ni damu ya kwao." Ni kweli, ila kuna zaidi.

1. Usiuachie ukoo kila kitu. Utafiti wa mapacha wa Denmark uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa urithi unaeleza takribani robo tu ya tofauti za urefu wa maisha.

2. Tunza telomia. Hizi hukaa kwenye ncha za kromosomu, kama upindo wa kitenge unaozuia nyuzi zisifumuke. Kila seli inapojigawa, upindo hupungua. Ukifupika mno, seli huacha kujigawa. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kugundua jinsi telomia zinavyolinda kromosomu. Uvutaji sigara umehusishwa na telomia fupi. Acha sigara.

3. Toa moshi jikoni. Juni, baridi ya Uyole na Mafinga hutukusanya sote mafigani, mlango umefungwa, bibi akipuliza kuni mbichi huku macho yakimtoka machozi. Moshi huo hujeruhi seli za mapafu na mishipa ya damu. Anika kuni zikauke, fungua dirisha. Jiko la mkaa usilale nalo chumbani kamwe. Gesi yake inaua.

4. Panda mlima kwa miguu. Mitokondria ndizo zinazogeuza chakula kuwa nguvu ndani ya seli, na misuli inayofanya kazi huzizidisha. Bodaboda ibaki kwa safari ndefu.

5. Punguza ugali, ongeza mboga. Maharage, majani ya maboga na parachichi la Rungwe vipo sokoni. Punguza pia pombe: hata ulanzi, ukivunjwa mwilini, hutoa sumu inayoharibu DNA.

6. Pima VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya kwa watu wa miaka 15 na zaidi, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4. VVU visipotibiwa huzeesha mapema seli za kinga. Anayemeza ARV kila siku huzilinda.

Ndugu msomaji, ukifika kwa bibi wikiendi hii, baada ya shikamoo mfungulie dirisha la jikoni. Kisha mwende pamoja zahanati mkapime VVU.