Uso Unaowaka: Kabla ya Kununua Krimu Nyingine

Mkazi wa Songea mwenye vipele usoni huweza kuuziwa krimu ya chunusi kabla hajaulizwa vilianza lini. Huenda anaugua rosasea, maradhi yanayofanya mashavu na pua kuwaka, hasa baada ya jua, pilipili au chai ya moto. Katika ngozi nyeusi wekundu wake hauonekani kwa urahisi, hivyo hudhaniwa kuwa chunusi.

Tunamtahadharisha mtumiaji dhidi ya krimu zenye klobetasoli au betamethasoni, pamoja na mkorogo wa aina yoyote. Krimu hizo ni dawa, hata zinapopangwa rafu moja na losheni. Siku za mwanzo uso hutulia na mnunuzi huridhika; zikipakwa kwa majuma mengi ngozi hukonda, na ziachwapo vipele hurudi kwa ukali zaidi.

Mgonjwa aanzie kituo cha afya, aombe rufaa ya hospitali ya mkoa na, ikibidi, ya daktari wa ngozi. Wataalamu hao hufundishwa pia nchini, huko KCMC, Moshi, tangu 1992. Achukue kila kopo alilotumia, hata lile analoona haya kulionyesha. Macho yakiwasha au kuwa mekundu, aseme mapema, kwani rosasea huweza kuyadhuru.